Kidonge kimoja: titi kinalizuia, kizazi kinakichochea. Vipi?

Swali: Shikamoo daktari. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga. Mama yangu, miaka 61, alitolewa uvimbe wa titi. Majibu yaliandika ER chanya, asilimia 90, akaanzishiwa tamoksifeni miligramu 20 kwa siku, miaka 5. Tuliambiwa inazuia homoni, kisha tukaambiwa inaweza kuleta saratani ya kizazi. Kidonge kimoja kinazuiaje huku na kuchochea kule?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na mpe mama pole. (Mimi ni mfamasia, ila dirishani wote huniita daktari, nimeshazoea.)

Tuanze na hiyo asilimia 90. Kipande cha uvimbe hukatwa chembamba, kikapakwa dawa inayonasa kipokezi cha estrojeni (ndiyo hiyo ER), yaani protini inayoipokea homoni hiyo ya kike. Kwenye hadubini, viini vyenye kipokezi hukolea kahawia, visivyo nacho hubaki bluu. Kwa mama, seli tisa katika kila kumi za saratani zilikolea. Angalia rangi imeshika wapi: kwenye kiini, si kwenye utando wa nje. Kipokezi hiki hakikai mlangoni kungoja hodi. Estrojeni ina asili ya mafuta, hivyo hupenya yenyewe mpaka ndani kukifuata.

Kwa kuwa tuko Tanga, kichukulie kipokezi kama mnyapara wa shamba la mkonge, na estrojeni ni amri ya meneja. Akiipata, hushikana na mnyapara mwenzake, wawili wakasimama mahali maalumu kwenye DNA. Peke yao hawakati hata jani moja. Kazi yao ni kuita manamba, yaani protini saidizi zinazolegeza DNA ili jeni zisomwe. Jeni ya saiklini D1 ikisomwa, seli inaingia kwenye mzunguko wa kugawanyika. Saratani ya mama imeishi kwa amri hiyo.

Wito wenyewe hutokana na umbo. Estrojeni ikikaa kwenye shimo lake, kipande kilicho karibu na mwisho wa kipokezi, kilichojizungusha kama springi, hujifunga juu yake kama kifuniko, na pembeni hubaki mfereji ambao protini saidizi hukalia. Tamoksifeni huingia shimo lilelile, lakini ina mkia mrefu. Kifuniko hakifungi, huanguka ndani ya mfereji na kuuziba. Mnyapara yupo shambani, ila mfereji huo, kengele yake ya kuitia manamba, umezibwa. Badala ya manamba wanakuja wazuiaji, jeni zinafungwa, na seli husimama kabla ya kunakili DNA yake. Husimama, Mwalimu, nyingi hazifi papo hapo. Ndiyo maana ya miaka 5, na wengine huendelezwa hadi 10.

Sasa kizazi. Mnyapara ana kengele ya pili, upande wa pili wa kipokezi, na hiyo tamoksifeni haiigusi. Kwenye titi sauti yake ni hafifu. Kwenye ukuta wa kizazi protini saidizi ni nyingi kiasi kwamba hata mlio huo mdogo unatosha kuziita, na jeni za ukuaji zinafunguka. Kwa hiyo ukiuliza kama dawa hii ni kizuizi au kichocheo, jibu linategemea uko ndani ya seli gani. Kwenye mifupa ya mama wa umri huo uchochezi huo una faida: huilinda.

Jambo ambalo hukuuliza. Tamoksifeni hupata nguvu yake kubwa baada ya ini kuigeuza kuwa endoksifeni. Mama mmoja alinimwagia mfuko wake mezani, nikaona pakiti ya tamoksifeni na ya fluoksetini (dawa ya sonona), kila moja kaandikiwa mahali tofauti. Fluoksetini huzuia kimeng'enya kinachofanya mgeuzo huo. Nilimrudisha kwa daktari abadilishiwe. Mfuko wa mama uangalie.

Hatari ya kizazi ni ndogo ukiilinganisha na faida aliyonayo. Lakini damu ukeni, hata tone, awahi hospitali. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, maana dawa hii huweza kugandisha damu. Kidonge asikiache kwa uamuzi wake mwenyewe.