Mwanangu, kuhusu Granuaile, Davitt na ile ndoo

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako na ya mjukuu wangu nimezipokea, marahaba sana. Huku hatujambo, ila mvua imechelewa na migomba ya upande wa bondeni imeanza kukauka majani.

Umeniuliza swali dogo tu. Mwalimu kawaambia waandike kurasa mbili juu ya mtu mashuhuri wa Mayo, huko Ireland mnakoishi, mwanao kabakiwa na wawili, Granuaile na Michael Davitt mtetezi wa wapangaji, na wewe unataka bibi aseme yupi. Ningekuwa mtu wa majibu mafupi ningekujibu kwa simu.

Granuaile anapendeka bila shida. Mwanamke mwenye merikebu zake, ngome yake Clare Island na nyingine Rockfleet, Ghuba nzima ya Clew inamjua. Mwaka 1593, mwanawe na ndugu yake wakiwa wameshikwa na gavana wa Kiingereza, alisafiri mpaka Greenwich kuonana na Malkia Elizabeth uso kwa uso. Bahari, malkia, mama anayemfuata mwanawe: mtoto anataka nini tena?

Lakini niliposoma ujumbe wako, aliyenijia kichwani hakuwa huyo wala Davitt. Ni Kapteni Boycott. Usicheke. Najua hakuwa hata mtu wa Mayo, alikuwa Mwingereza wa Norfolk.

Unamkumbuka yule mzee wa chumba cha mwisho, kule nilikokuwa nalea wazee karibu na Ballinrobe? Aliyekuwa anakuita "daktari" ukija kunisubiri na begi lako la shule? Yeye ndiye aliyenisimulia, kidole dirishani kuelekea Lough Mask, kama vile alikuwepo, ilhali mambo yenyewe ni ya 1880. Boycott alikuwa wakala wa Lord Erne, mwenye mashamba, na kazi yake ni kukusanya kodi kwa wapangaji. Mavuno yalikuwa mabaya, wapangaji wakaomba wapunguziwe asilimia 25, wakapewa 10. Septemba akamtuma mtu kugawa hati za kuwafukuza. Wanawake wakamkimbiza yule mtu kwa matope na samadi. (Hapo mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa, namshikia kikombe.)

Baada ya hapo hakupigwa mtu. Parnell, rais wa Ligi ya Ardhi, chama cha kutetea wapangaji, alikuwa ametoka kuwaambia watu kule Ennis kwamba anayechukua shamba la aliyefukuzwa asipigwe risasi, aachwe peke yake, njiani, dukani, hata kanisani, kama mkoma wa zamani. Wa Ballinrobe wakamfanyia hivyo Boycott. Vibarua wakaacha mazao shambani. Mhunzi hamjui, dobi hamjui, mwenye duka hauzi. Serikali ikalazimika kuleta wavunaji 50 kutoka Cavan na Monaghan, na askari wapatao elfu moja wa kuwalinda, wakang'oa viazi na tanipu kwenye mvua ya Novemba. Mazao ya pauni 500, gharama ya pauni 10,000! Boycott akaondoka ndani ya gari la wagonjwa la jeshi, maana hapakuwa na dereva wa kumpakia. Padri wa pale, John O'Malley, ndiye aliyesema jina la mtu huyo liwe ndilo neno la kitendo chenyewe, na mpaka leo Waingereza wakitaka kusema "kususia" wanataja jina lake.

Mimi nilipiga makofi. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: ardhi ni ya anayeilima. Babu yako alizaliwa kwenye nyarubanja, analima kibanja cha mtu mwingine na kupeleka pombe na ndizi kwa bwana, kwa hiyo usiniambie mimi habari za wapangaji.

Sasa yule mzee akaongeza kitu kimoja. Mpeleka barua naye alipoogopa, mpwa wake Boycott, kijana mdogo, alijitolea kwenda kuchukua barua Ballinrobe. Wakamsimamisha njiani wakamwambia akiendelea yatamkuta. Mzee alilisema hilo huku akicheka. Mimi nikaweka kikombe chini.

Hili sijawahi kukusimulia. Nilikuwa na miaka 9. Jirani yetu alikwenda mahakamani kutoa ushahidi upande wa mtoto wa bwana wa zamani, aliyekuwa anadai tena vibanja ambavyo serikali ilishawapa waliokuwa wakivilima. Kijiji kikamsusia. Msiba wake hauendwi, moto hauombwi kwake, salamu yake haiitikiwi. Babu yako alitukusanya jioni akatuambia: yeyote atakayemsemesha mtu wa nyumba ile, asirudi hapa.

Alikuwa na binti wa rika langu. Tulikuwa tunakwenda kisimani pamoja kila siku, yeye ananitwisha, mimi namtwisha. Siku ya pili nikamkuta ameshajaza ndoo, kakunja kata yake ya majani ya mgomba, kaiweka kichwani, amesimama ananingoja. Hakusema neno. Nikachota maji yangu. Nikamwita mtoto mwingine, aliyekuwa mbali, aje anitwishe mimi. Nikapita. Nyuma nikasikia anajaribu kuinyanyua mwenyewe, kisha nikasikia maji. Sikugeuka.

Mwaka uleule walihama, wakaelekea Karagwe.

Unaona shida yangu na Davitt. Nampenda. Akiwa na miaka 4, mwaka 1850, familia yake ilifukuzwa nyumbani kwao Straide. Wakaenda nyumba ya maskini ya Swinford, mama yake akaambiwa mvulana wa umri ule lazima atenganishwe naye, akageuka na watoto wake akatoka. (Huyo mama ndiye ningemwandika mimi, lakini sikuulizwa.) Uingereza mtoto akaingizwa kiwanda cha pamba, mashine ikamla mkono wa kulia akiwa na miaka 11. Akafungwa miaka saba. Halafu akarudi Mayo na mkono mmoja, akaanzisha Ligi ya Ardhi ya Mayo pale Castlebar, Agosti 1879, miezi miwili kabla ya ile ya Ireland nzima, hatua chache tu kutoka kwenye fleti yetu ya juu ya duka la nyama. Hata alitaka ardhi iwe ya taifa zima. Baba yako, Mungu amrehemu, angesema huyu ni Nyerere mwenye ndevu.

Na bila kususia, wangeipata ile ardhi? Wasingeipata. Watu wasio na bunduki wana nini kingine cha kumnyima mtu zaidi ya salamu? Babu yako hakukosea. Kama kila mmoja angemwonea huruma jirani yule, mahakama ingekwenda upande mwingine na wewe usingekuwa na pa kuzikia wazee wako. Hilo nalijua. Lakini ndoo ilikuwa ya mtoto. Hakuna aliyefikiria ndoo. Au walifikiria, na ndiyo maana ilifanya kazi. Miaka kumi na moja kule nilikuwa nainua wazee vitandani asubuhi na jioni, na jibu sijalipata.

Basi achague mwenyewe, mimi sitasema. Akimchukua Granuaile ni sawa, ana picha nzuri. Ila kama itakuwa Davitt, na sijasema iwe Davitt, basi yule mpwa wa Boycott aliyekwenda kuchukua barua amwekee hata mstari mmoja. Na umpeleke Straide Jumamosi. Makumbusho yako ndani ya kanisa alilobatiziwa, kaburi liko pale nje. Mvalishe sweta, mle ndani baridi yake unaijua.

Mama yako