Breki ya mtutu: inategemea kaliba na nani yuko kando yako

Umeuliza kama inafaa kufunga breki ya mtutu, yaani kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu ili kupunguza teke, kwenye bunduki ya kuwindia. Kwa kaliba (ukubwa wa risasi) za .243 au .308, mimi nasema hapana. Teke lake, yaani bunduki inavyokusukuma begani, linavumilika, na mpira mzuri nyuma ya kitako utakusaidia vya kutosha. Kwa risasi yenye nguvu zaidi, .300 Winchester Magnum kwenda juu, hapo kuna hoja: breki nzuri hupunguza teke kwa karibu theluthi hadi nusu, hufumbi macho wala kujikaza kabla ya kufyatua, na mara nyingi unaona kwenye darubini risasi imempata wapi mnyama.

Gharama yake ni masikio, na hili watu hulipuuza mno. Yale matundu ya breki hugeuza gesi ya baruti kwenda pembeni na nyuma kidogo, kwa hiyo mlio unamrudia mpigaji na aliyesimama kando yake. Bunduki ya kuwindia bila breki tayari huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na breki huongeza juu ya hapo. Mfuatiliaji nyayo aliyechuchumaa ubavuni mwako bila vizibo ndiye anayeumia zaidi. Ukilala chini penye vumbi, gesi hiyo hiyo hulitimua hadi usoni.

Sheria zikiruhusu, chukua kiwambo cha sauti: kinapunguza teke na mlio pia, ingawa kinarefusha mtutu. Ukishaamua breki, vaa vizibo kila risasi, na ukiifungua, hakiki shabaha upya, maana risasi huweza kuhama.