Kuandika jina kwenye panga kwa maji ya chumvi na umeme

Ndugu, umeeleza kwamba ulitumia chaja ya simu, maji ya chumvi na rangi ya kucha kuandika jina kwenye panga lako, na kwamba herufi zilitoka kingo zake zimeliwa huku bapa zima likishika kutu. Waliokujibu kabla yangu wamekushauri uongeze chumvi au utafute umeme wenye nguvu zaidi. Mimi kazi hii huwafanyia mara kwa mara wachinjaji na mafundi wa gereji ambao hawataki vifaa vyao vibadilishwe, na kwa maoni yangu ushauri huo utakuharibia zaidi. Chumvi husaidia tu maji yapitishe umeme, na vijiko viwili vya chakula kwa lita moja vinatosha; usafi wa herufi hutokana na jinsi ulivyofunika chuma na jinsi ulivyoutuliza mkondo wa umeme.

Panga jipya hutoka dukani likiwa na vanishi au mafuta, kwa hiyo lisugue kwa msasa laini, ulioshe kwa sabuni, kisha ulimwagie maji safi. Maji yakitanda bapani kama utando mmoja, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo na rangi yoyote utakayopaka itabanduka ikiwa ndani ya maji. Paka rangi ya kucha mara mbili, uiache ikauke kabisa, ndipo uchore herufi kwa sindano mpaka chuma king'ae. Stika iliyokatwa na fundi wa stika ni bora zaidi, mradi uzikandamize kingo zake kwa mgongo wa kijiko. Sehemu nyingine yoyote itakayozama, yakiwemo makali na upande wa nyuma, ifunike kwa utepe. Kumbuka pia kwamba umeme hauli chuma kuelekea chini peke yake, bali hupenya na pembeni, chini ya rangi, ndiyo maana herufi ndogo zilizobanana huishia kuungana; andika kubwa na uziachanishe.

Panga liungwe upande wa chanya wa betri, kwa sababu chuma cha upande huo ndicho kinachoyeyuka, na upande wa hasi uweke kipande cha chuma chakavu, vyote viwili vikizama kwenye maji ya chumvi bila kugusana. Ukiwa na shaka, chovya ncha mbili za waya kwenye maji hayo bila kuzigusanisha: inayotoa mapovu mengi ndiyo hasi.

Mimi hutumia betri ya pikipiki ya volti 12, na katikati ya waya mmoja huunga balbu ya indiketa ya wati 10. Hata vyuma vikigusana kwa bahati mbaya, balbu hiyo haitapitisha zaidi ya takriban ampea 0.8, na mwanga wake hukupa habari: ikiwaka kwa nguvu, vyuma vimegusana, ikififia, kazi inakwenda vizuri. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 huyeyusha takriban gramu 1 ya chuma, kwa hiyo nusu ampea kwa dakika 10, kwenye herufi zenye jumla ya sentimita 2 za mraba, kwa hesabu inakupa kina cha karibu milimita 0.05, ambacho ukucha unakihisi. Kila baada ya dakika mbili au tatu tenganisha waya, litoe panga na uliswaki taratibu kwa mswaki mkuukuu, kwa kuwa tope la kijani linalogeuka kahawia hujazana ndani ya herufi na kuifanya sakafu yake iwe na mabakabaka.

Usithubutu kutumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Fanyia kazi nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu mapovu ya upande wa hasi ni haidrojeni. Ukisikia harufu kama ya jiki, hiyo ni klorini, na mkondo umezidi.

Umetaja kwamba baada ya panga utahamia kwenye spana. Zile zinazong'aa zimepakwa nikeli na kromu, na stenlesi ina kromu ndani yake. Vikiyeyuka, maji yanayobaki ni ya sumu na hayafai kumwagwa bustanini wala mtaroni. Mimi vyuma hivyo sivitii kwenye maji ya chumvi kabisa. Spana hugongwa kwa stempu za herufi na nyundo.

Ama kutu iliyokuudhi, ilisababishwa na chumvi iliyobaki juu ya panga. Ukimaliza, lisuuze kwa maji mengi, ulisugue kwa maji ya magadi, ulisuuze tena na ulikaushe papo hapo kwa kitambaa. Rangi ya kucha iondoe kwa asetoni baada ya hapo, kisha ujaze rangi nyeusi ya mafuta kwenye herufi, upanguse bapa kabla haijakauka, na rangi ikishakauka upake mafuta ya mashine.