Maswali na majibu: mimea na lehemu (kolesteroli) mwilini

Je, parachichi lina lehemu? (Msomaji, Tukuyu)

Halina. Lehemu ya chakula hutoka kwa wanyama: mayai, maini, nyama, maziwa. Nimelijibu swali hili mara nyingi, nami nawasihi wasomaji wapitie majibu yaliyotangulia kabla ya kuandika.

Maharage hushushaje lehemu, na nile kiasi gani? (Msomaji, Uyole)

Maharage yana nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji, ambazo zikifika utumboni hugeuka uteute na kunasa asidi za nyongo. Asidi hizo ini huzitengeneza kwa lehemu. Zikitoka na choo, ini hulazimika kuchota lehemu nyingine katika damu ili litengeneze nyongo mpya. Mimea ina pia steroli zake, zinazofanana na lehemu kwa umbo, nazo hugombania nayo nafasi ya kufyonzwa. Gramu 2 za steroli hizo kwa siku hushusha lehemu mbaya (LDL, ile inayoziba mishipa ya damu) kwa takriban asilimia 8 hadi 10, ila chakula cha kawaida hakifikishi hata nusu gramu. Majaribio yalitumia vyakula vilivyoongezewa steroli. Basi tegemea nyuzinyuzi. Gramu 130 hivi za maharage yaliyopikwa, zikiliwa kila siku, zaweza kushusha lehemu hiyo mbaya kwa asilimia 5.

Ila nimeona masufuria ya maharage yaliyomiminiwa upawa mzima wa mawese ya Kyela, mpaka mchuzi unaelea wekundu. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu, na kutoka kwenye mmea hakuyabadilishi.

Kahawa yetu ya Mbozi nayo ni mmea. Inasaidia? (Msomaji, Vwawa)

Ikichemshwa na kunywewa bila kuchujwa, hupandisha lehemu kwa sababu ya kafestoli iliyomo. Chujio la karatasi huizuia sehemu kubwa. Chujio la waya la chai halitoshi.

Nimeanza unga wa mlonge. Niache vidonge vya lehemu? (Msomaji, Mafinga)

Usiache. Lehemu ikipanda huisikii mwilini, kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi wa lolote, na anayekuuzia unga huo stendi hajapima damu yako wala hatakuwapo utakapopatwa na kiharusi. Inanisikitisha kwamba watu wanaendelea kuacha tiba iliyothibitishwa kwa maneno ya muuzaji. Kama vidonge vyako ni simvastatini au atovastatini, epuka balungi, kwani huzidisha dawa katika damu na yaweza kudhuru misuli. Mweleze daktari kila unachotumia, unga huo ukiwemo, kisha mpange naye siku ya kupima tena.