Kumwandikia kumbukumbu afande aliyekufundisha

Hapa Tanga maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, alasiri huwa keshazikwa, kwa hiyo wasifu wa makaburini huandikwa mbiombio na mtu ambaye simu yake haiachi kuita. Siku hiyo tosheka na jina, cheo cha mwisho na dua. Kumbukumbu yenyewe iandalie hitima ya arobaini, mkipata nafasi ya kuulizana.

Anza na miaka, maana hapo ndipo wazee wa kozi tofauti huchanganya mambo. JWTZ liliundwa 1 Septemba 1964. Aliyeingia jeshini mwaka 1962 au 1963 aliingia Tanganyika Rifles, jeshi lililolitangulia. Chuo cha maafisa kilikuwa Dar es Salaam kabla ya kuhamia Monduli, basi usimpeleke Monduli kila mtu. Kamisheni, yaani uafisa wenyewe, hutunukiwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Ukisimuliwa kwamba afande alitunukiwa na Mwalimu mwaka 1987, ama mwaka umekosewa ama mtu, kwani Mzee Mwinyi aliapishwa Novemba 1985. Na aliyepata kamisheni 1982 hakuongoza platuni Vita ya Kagera (1978–79) kama afisa. Kama alikuwepo, alikuwa askari asiye afisa, jambo ambalo wala si aibu. Cheo nacho kiandike mara mbili: alichostaafu nacho na alichokuwa nacho alipokuwa mkufunzi wenu.

Sasa mtu mwenyewe. "Alikuwa mkali lakini mwenye huruma" haimtofautishi na afande yeyote duniani. Wapigie watu watatu wa kozi moja, kila mmoja peke yake. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp: wa kwanza akishasema, wengine humfuata, na tukio la mkufunzi mwingine linahamia kwa marehemu. Uliza vitu vinavyoonekana. Kwenye ukaguzi alitazama nini kwanza: kola, nyuma ya bizimu ya mkanda, au soli ya buti? Kwenye matembezi ya usiku alikaa mbele au nyuma na waliochoka? Alipakua chakula kabla ya wanafunzi au baada? Akikasirika alipaza sauti, au aliishusha? Wawili wakikubaliana bila kusikilizana, liandike. Usiwasahau masajini na mpishi wa mesi. Maafisa wenzake walimwona akiwa kwenye adabu zake, wao walimwona saa kumi na moja alfajiri.

Idadi ya askari, maghala na kazi ambazo jeshi halijazitangaza ziache, hata kama ni za zamani.

Picha nazo zina shida yake. Unyevu wa pwani hugandisha picha kwenye kioo cha fremu. Usiibandue, sura itabaki kwenye kioo. Ipige kwa simu hivyohivyo, karibu na dirisha, bila flashi, ukiwa umekaa upande kidogo ili kivuli chako kisiingie.

Andika maneno 400 tu. Yakisomwa kwa utulivu huchukua kama dakika nne, na shehe hatalalamika. Msomaji awe mwanafunzi wake, si mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliohudhuria. Kabla ya hapo mjane au mtoto mkubwa aisome yote. Akilifuta jina la utani mlilompa chuoni, msilirudishe.