Ukurasa wa duka: CSS au jedwali?

Ndugu, panga ukurasa wa duka lako la mtandaoni kwa CSS, yaani lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti. Jedwali liachie orodha yako ya bei za vitenge. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukilifanya fremu ya ukurasa mzima, mteja wa soko la Owino mwenye simu ndogo ataburuta kulia na kushoto, maana seli zimeshikana ubavu kwa ubavu, haziteremki chini zenyewe. Na asiyeona, programu inayomsomea skrini inaweza kumtajia "safu mlalo ya 1, safu wima ya 2" kabla ya kufika kwenye jina la kitambaa. Nimekaa na mwanafunzi wangu hapa Kampala nikaisikia, inachosha kweli.

Zamani watu walikuwa na sababu ya kupanga kurasa kwa jedwali: CSS ya kwanza ilitoka 1996 na vivinjari viliisoma vibaya kwa miaka mingi. Lakini tangu 2017 vivinjari vikubwa vina gridi ya CSS, njia ya kupanga vitu kwa safu mlalo na wima bila jedwali, andika tu display: grid uanzie hapo.

Isipokuwa matangazo ya barua pepe. Outlook ya zamani ya Windows, programu ya kusomea barua pepe, huchora barua kwa injini ya Word, ile programu ya kuandikia hati, gridi haiijui, kwa hiyo huko jedwali bado lahitajika.