Ukiagiza vifaa vya bakapu, usiseme tu "tepu"

Hii naiandikia mafundi wenzangu wa IT mlioko Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla, wale mnaokaa na seva moja au mbili kwenye kachumba pembeni ya masijala na bosi ameshasema anataka bakapu za tepu, yani nakala za akiba za data kwenye utepe, manake hadi diski za nje zinakufa kila mwaka. Mi nimepita hapo, na hela ya ofisi ilipotea kwa sababu ya hilo neno moja.

Ofisi yetu ipo Kirumba, mambo ya samaki, na kumbukumbu za mizigo lazima zikae miaka mingi. Draivu tuliyokuwa nayo, yani mashine ya kusoma na kuandika tepu, ni LTO-5 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhia data za kompyuta), tuliinunua used. Kaseti zilipoisha nikampigia muuzaji Dar, nikamwambia kaka naomba tepu kumi za LTO. Akaniuliza LTO ngapi, nikamjibu nipe zile mpya mpya, nikiamini mpya ndo bora. Zikapanda basi zikafika, ni LTO-6. Naweka ya kwanza draivu inaitema, ya pili inaitema, nikajua draivu imekufa, nikashinda siku nzima nabadilisha kebo na kuwasha upya seva, kumbe draivu nzima kabisa. Boksi nilishazifungua zote, muuzaji akakataa kuzipokea, na sikuwa na la kumjibu.

Ile namba ni kizazi, na draivu haisomi kaseti ya kizazi kilichoizidi, hata ufanyeje. Kurudi nyuma ndo inawezekana, ila kwa kiasi. Mpaka LTO-7 utaratibu ulikuwa draivu inasoma vizazi viwili nyuma na kuandika kimoja nyuma, kwa hiyo LTO-5 inasoma 3 na 4 ila inaandika 4 tu pamoja na ya kwake. LTO-8 ilipotoka utaratibu ukabadilika, inarudi kizazi kimoja tu, yani we mwenye kabati limejaa LTO-6 ukishawishika kununua draivu ya LTO-8 kwa sababu ni ya kisasa, hizo kaseti zako hutazisoma tena mpaka utafute draivu nyingine. Kabla hujalipia chochote angalia lebo ya msimbopau kwenye kaseti zako, herufi mbili za mwisho zinakwambia, L5, L6, L7.

Halafu tutenganishe maneno. Kaseti ni lile boksi la plastiki lenye utepe ndani. Draivu ni mashine inayosoma na kuandika. Autoloda ni mashine inayojibadilishia kaseti bila mtu, na laibrari ni kabati zima lenye mkono wa roboti na mara nyingi draivu zaidi ya moja. Mtu wa tawini akikupigia "tepu imegoma", muulize kwanza ni kipi kati ya hivyo, manake kaseti mbovu unatupa unaweka nyingine lakini draivu mbovu ni bajeti ya kwenda kupiga magoti kwa mhasibu.

Jambo jingine ni ukubwa. Kaseti ya LTO-6 imeandikwa 6.25TB, kwa herufi kubwa, lakini uwezo wake halisi ni 2.5TB, hiyo nyingine ni hesabu ya data ikibanwa mara mbili na nusu. Sasa video za kamera za ulinzi na picha za JPEG zimeshabanwa tayari, hazibaniki tena, kwa hiyo piga hesabu kwa namba ndogo siku zote. Hapa wengi wanaumia sana na inaniuma kwa sababu namba ndogo ipo palepale kwenye boksi.

Kuna kitu wenyewe wanakiita shushaini, yani kung'arisha viatu kwa Kiingereza, na we ukimkumbuka fundi viatu na brashi yake utaelewa mara moja. Seva ikileta data polepole kuliko kasi ya draivu, utepe unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena, unakwenda na kurudi hivyo hivyo, na utepe na hedi (kile kichwa cha draivu kinachosoma na kuandika) vinaisha mapema. Sisi tulikuwa tunavuta mafaili madogo madogo moja kwa moja kutoka kompyuta za watu, tukabadilisha, yanakusanywa kwanza kwenye diski ya seva usiku ndo yanaenda kwenye tepu, na ile sauti ya kwenda na kurudi ikaisha.

Usifute LTO kwa sumaku kama zile kaseti za redio za zamani. Ina alama za kumwongoza hedi zilizoandikwa kiwandani, zikifutika kaseti haitumiki tena. Na kaseti iliyotoka kwenye joto ikae chumba cha seva siku nzima kwanza ndo uiingize, hasa kama imepigwa jua kwenye gari.

Nakala moja tunaivusha na feri ya Kamanga kwenda tawi la Sengerema, na kila mwezi nachagua kaseti mojawapo narudisha faili nalifungua kwa macho yangu, manake draivu kusema imemaliza sio kwamba data inarudi.

Zile LTO-6 kumi zilikaa kabatini mwaka mzima. Baadae tukapata draivu ya LTO-6, nazo sa hivi ndo zinafanya kazi, na za LTO-5 za zamani bado inazisoma na kuziandika.